Fomu ya Zaituni Niliyoiweka Sandukuni

Ninyi vijana mkienda kuchukua kitambulisho siku hizi, mnaweka kidole juu ya kioo, taa inawaka, mnaondoka. Mikono yenu inabaki safi. Yangu ilikuwa myeusi kwa miaka ishirini na sita. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ugali wa nyumba yetu una ladha ya serikali.

Naitwa Perpetua Amoit. Nilikuwa karani wa alama za vidole katika ofisi ya vitambulisho mjini Busia, upande wetu wa mpaka, na baadaye Amagoro. Wajukuu wangu hawaamini kwamba mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kushika watu vidole. Ninawaambia ilikuwa kazi, tena ya ufundi. Lakini nikianza kuisimulia, mwisho wake nafika mahali ambapo huwa sitaki kufika. Leo nitafika.

Tulikuwa na kibao cha kioo, rola ya mpira na tyubu ya wino. Unakamua wino kidogo, kama punje ya mchele, unautandaza kwa rola mpaka kioo kibaki na kivuli tu. Wino ukizidi, alama inakuwa doa. Ukipungua, Nairobi wanakurudishia fomu na barua ya kukutukana kwa adabu. Kidole hakigandamizwi. Kinaviringishwa kutoka ukingo huu wa ukucha mpaka ukingo ule, mara moja, bila kurudi nyuma. Sasa, mtu mwenye hofu hukaza mkono, na mkono uliokazwa hauviringiki. Mzee Wafula, aliyenifundisha kazi, alikuwa na dawa yake. Alikuwa anamuuliza mtu jina la ng'ombe wake. Mtu akianza kumsifu ng'ombe, mabega yanashuka, na kabla hajafika kwenye habari za ndama vidole kumi vimekwisha.

"Perpetua," aliniambia wiki ya kwanza, "usimshike mtu kidole kama unanyonyoa kuku. Huyu amekuja mwenyewe. Hajakamatwa."

Wavuvi wa Budalang'i ndio walionitesa. Nyavu zilikuwa zimekula mistari yote, vidole laini kama kipande cha sabuni kilichobakia. Tuliwaambia wakae wiki mbili bila kugusa wavu, ngozi irudi. Mmoja akaniuliza, "Na watoto wangu watakula hiyo alama, mama?" Wakulima wa Amukura walikuja na vidole vilivyopasuka, tukavilainisha kwa mafuta ya kupikia. Na mwezi wangu wa pili kazini nilifanya kosa lililonifuata miaka mingi. Kulikuwa na mzee mcheshi kutoka Nambale, tukacheka mpaka nikachukua mkono wake wa kulia mara mbili. Barua ikatoka Nairobi: "Mwombaji huyu ana mikono miwili ya kulia. Thibitisha." Mzee Wafula aliibandika ukutani. Ilikaa hapo mpaka ikageuka rangi ya chai.

Makosa ya namna hiyo mtu anayasimulia akicheka. Nina lingine.

Mnaijua Busia. Mtu anaamka Kenya, anakunywa uji Uganda kwa shangazi yake, anarudi kabla jua halijawa kali. Sisi Wateso tuko pande zote mbili, na Wasamia vilevile. Babu yangu mzaa baba alivuka mto Malaba kutoka Uganda akiwa kijana, na ng'ombe watatu, na swali aliloulizwa ni kama ng'ombe wale wana ugonjwa. Basi. Akapewa shamba, akaoa, akawa mtu wa hapa. Mimi nilipoomba kipande, yaani kitambulisho, nilileta barua ya chifu tu, na siku hiyohiyo nikapakwa wino. Niliona ni jambo la kawaida, kama kupewa maji ya kunywa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, siasa za vyama vingi zilipopamba moto na kila mtu akawa anahesabu kura za kabila lake, tuliletewa bosi mpya. Sitamtaja jina. Ana watoto na wajukuu, na hawajanikosea. Alituita ofisini kwake, mimi na Mzee Wafula, akatusomea majina kutoka kichwani. Ramadhani. Abdi. Hussein. Juma. Mwanamke akiitwa Asha, Zaituni, Halima. Fomu zenye majina kama hayo zisiende Nairobi. Ziwekwe kando mpaka wenyewe wahojiwe, walete cheti cha babu na cha baba wa babu.

Mzee Wafula akauliza, "Hiyo ni sheria gani, bosi?"

"Mzee, umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Minane."

"Basi imalize salama."

Mzee Wafula alitafuta sanduku la katoni lililokuja na sabuni, akalisukuma chini ya meza yetu kwa mguu. Hakuna karatasi iliyoandikwa, wanangu. Hata leo mkitafuta hamtapata barua yoyote yenye agizo lile. Kulikuwa na sanduku tu. Alipostaafu likawa langu.

Zaituni Ramadhani alikuja asubuhi ya Jumanne. Msichana mrefu, mwembamba, ushungi wa buluu, bahasha ya kaki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Akanisalimia kwa Kiteso. "Yoga, mama." Si Kiteso cha kuokota sokoni. Kilikuwa cha mtu aliyeruka kamba na watoto wa Kiteso tangu ana meno ya utoto.

Baba yake nilimjua. Mzee Ramadhani alikuwa fundi wa baiskeli karibu na stendi, Mnubi, mjane, mpole, na nusu ya baiskeli zilizobeba watu mpakani zilikuwa zimepita mikononi mwake. Yangu pia. Babu yake Zaituni alikuwa askari wa Keya, aliyewapigania Waingereza huko Burma na kurudi na mguu mmoja mfupi. Watu wote wa mji walilijua hilo.

Nikafungua bahasha. Cheti cha kuzaliwa, Busia. Vyeti vya shule, Busia. Barua ya chifu. Na barua ya chuo cha uuguzi: alikuwa amekubaliwa, masomo yangeanza baada ya miezi mitatu, aje na kitambulisho. Nilimchukua alama. Vilikuwa vidole vizuri kuliko vyote nilivyochukua mwaka ule, kila mstari ukaonekana. Halafu nikamuuliza nilichoagizwa kuuliza.

"Babu yako alizaliwa wapi?"

"Hapa Busia, mama."

"Na baba wa babu yako?"

Akacheka kidogo, si kwa dharau. Alidhani tunaongea. "Mama, na wewe, baba wa babu yako alizaliwa wapi?"

Nilimwangalia. Baba wa babu yangu alizaliwa na kufa ng'ambo ya mto, na hakuwahi kuikanyaga ardhi hii. Ningeweza kumwambia hivyo, tukacheka wote. Badala yake niliona uso unanipata moto, kwa sababu karani wa meza ya pili alikuwa amesikia.

"Mimi siye ninayeomba kipande," nikasema. "Lete cheti chake."

"Cheti cha mtu aliyekufa kabla ya vyeti?"

"Lete. Ukikosa, utaitwa kuhojiwa."

Akakusanya karatasi zake polepole, akazipanga, akasema asante. Alipotoka niliitia fomu yake sandukuni.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo binamu yangu Ekisa alikuja, mtu aliyezaliwa Tororo, upande wa Uganda, na kukulia Tororo. Alitaka kipande cha Kenya kwa sababu alikuwa amepata kibarua Kisumu. Nilimpaka wino, nikamuuliza mama hajambo, na fomu yake ikaondoka na mfuko wa Ijumaa wa kwenda Nairobi. Jina lake halikuwa katika yale majina. Sikuliona jambo hilo siku ile. Naapa kwamba sikuliona, na ndilo linalonisumbua zaidi kuliko kama ningeliona.

Kuhojiwa kulifanyika baada ya wiki saba, katika ukumbi wenye viti vya mbao. Mezani walikaa bosi wetu, afisa mmoja kutoka wilayani, machifu wawili na wazee watano. Hakuwemo Mwislamu hata mmoja. Mimi nilikaa pembeni nikiandika. Watu kama arobaini walisubiri nje juani, Wanubi, Wasomali wa malori, familia moja ya wenye duka la vitambaa ambao babu yao alitoka Yemeni. Waliingia mmojammoja kama wanaokwenda kung'olewa jino.

Mzee Ramadhani aliingia na binti yake. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Akaweka mezani barua ya baba yake ya kuachiwa jeshi, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, na medali yake.

Afisa aliishika medali, akaigeuza. "Hii ni ya mfalme wa Uingereza, mzee. Sio ya Kenya."

"Wakati ule, bwana mkubwa, hata nyinyi mlikuwa wa mfalme wa Uingereza."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Afisa hakucheka. Akamgeukia Zaituni. "Kabila lako?"

"Mnubi."

"Hilo si kabila la Kenya. Linatoka Sudani."

"Mimi sijawahi kuiona Sudani. Sijawahi hata kufika Mombasa."

"Kwenu hasa ni wapi?"

"Nyuma ya stendi, nyumba ya tatu."

"Nakuuliza kwenu kwa asili."

Zaituni akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Sasa kama si hapa, mimi ni wa wapi? Niambieni niende."

"Hilo ndilo tunakuuliza wewe," akasema afisa. Akanigeukia. "Andika: hakutoa uthibitisho wa kutosha."

Nikaandika. Nina mwandiko mzuri, walimu wangu walinisifu. Niliandika kwa mwandiko mzuri kwamba Zaituni Ramadhani hakutoa uthibitisho wa kutosha.

Chuo kilifungua bila yeye. Barua ikaja kwamba nafasi amepewa mwingine, na aombe tena mwaka ujao.

Jumatatu moja baada ya hapo nilifika kazini nikamkuta Mzee Ramadhani amehamia langoni petu. Alikuwa ameleta pampu, karai la maji la kutafutia pancha, mnyororo mzee na kiti chake cha miguu mitatu. Akakaa nje ya uzio, hatua mbili kutoka lango, mahali ambapo hakuna wa kumfukuza. Nilipopita akainuka.

"Habari ya asubuhi, mama. Imetoka?"

"Bado, mzee."

"Haya. Kazi njema."

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Alikaa pale mwaka mzima na zaidi, mvua na jua. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alitengeneza baiskeli, na kila asubuhi aliinuka, akapangusa grisi mikononi, akaniuliza swali lilelile kwa adabu ileile. Bosi naye alikuwa akiulizwa, alipita na gari vioo vimepandishwa. Wateja wakaanza kumuuliza mzee anangoja nini, naye akawaeleza. Hivyo mji mzima ukajua kwamba ndani ya ofisi ile kuna sanduku.

Siku moja breki yangu ilipolegea akaniita, akaikaza palepale huku nimesimama. Nilitazama mikono yake ikifanya kazi. Akasema, "Sasa inashika vizuri. Kwenye mteremko usiiamini sana."

Nilikwenda kumwona Mzee Wafula kwake kijijini, nikamkuta anapalilia mihogo. Nikamweleza yote. Nilitaka aniambie kwamba sina kosa, kwamba karani hana uwezo. Aliegemea jembe.

"Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya miezi minane," akasema. "Pensheni yenyewe ndiyo hii mihogo unayoiona. Usije kwangu kutafuta ruhusa, Perpetua. Mimi ndiye niliyelileta sanduku."

Nikarudi nyumbani. Nikaendelea na kazi. Msifikiri mtu akishajua ubaya wa jambo anaamka kesho yake akaliacha. Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na kila asubuhi nilipanda baiskeli ile yenye breki nzuri kwenda kuketi juu ya sanduku.

Halafu ikaja siku ya soko ambapo Mzee Ramadhani hakuwepo langoni. Kiti chake kilikuwepo, pampu ilikuwepo, yeye hakuwepo. Saa nne hivi mama mmoja muuza ndizi akaniletea habari dirishani: askari walifanya msako sokoni, wakamkuta Zaituni akiuza mitumba kwenye kibanda cha jirani yao, wakataka kipande. Akawaonyesha cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Wakasema karatasi hizo hata wao wanaweza kujiandikia. Wakamtia kwenye lori pamoja na wengine wakawapeleka mpakani, warudi "kwao".

Nilitoka saa ya chakula nikaenda mbio. Wengine walikuwa wamekwisha kuvuka, walikuwa na ndugu huko. Zaituni alikuwa katikati. Wenzangu, mnapajua pale, baina ya kizuizi chetu na chao, mahali malori yanapopanga foleni na ardhi si ya mtu. Afisa wa upande wa Uganda alikuwa amesoma cheti chake akasema huyu amezaliwa Kenya, sina ruhusa ya kumpokea. Askari wetu wakasema hana kipande, hawezi kurudi. Basi alikuwa amekaa kwenye jiwe kandokando ya barabara, ushungi umejaa vumbi, na madereva wanamwangalia kutoka juu. Baba yake alikuwa ameshika chuma cha kizuizi chetu kwa mikono miwili.

Nikamwendea askari. "Mimi ni karani wa vitambulisho. Huyu ninamjua. Fomu yake iko kwetu."

"Iko na muhuri?"

"Bado haijapigwa."

"Lete hiyo fomu basi, mama. Nikiona karatasi ya serikali, nitamrudisha."

Nilirudi ofisini nikikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Niliinama chini ya meza, nikapekua, nikaipata. Vidole vyake kumi viko palepale, vimetulia. Nilipoinuka bosi alikuwa amesimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, sikatai.

"Fomu iliyo kando si kitu," akasema. "Ukitoka nayo hapo mlangoni, usirudi."

Nataka niwaambie nilitoka. Nimelisimulia jambo hili kichwani mara nyingi na mara nyingine ninatoka. Lakini siku ile nilikaa. Nikairudisha fomu sandukuni, nikaita, "Anayefuata!" Akaja kijana wa Butula, nikamuuliza jina la ng'ombe wake.

Jioni muuza ndizi akanipitia. Alisema mfanyabiashara mmoja wa upande ule, mwanamke Mganda, alimwonea huruma Zaituni, akaongea na maafisa wao, akamchukua mpaka Jinja, Zaituni alikokuwa na shangazi. Mzee Ramadhani alibaki ameshika kile chuma mpaka lori la mwisho likapita, ndipo akatembea kwenda nyumbani.

Kesho yake alikuwa langoni. Aliinuka. "Habari ya asubuhi, mama." Lile swali hakuliuliza. Ningependa angeliuliza.

Ijumaa ile bosi alikwenda mkutanoni. Nilifungua droo yake, nikachukua muhuri wa waliohojiwa na kupita, nikaupiga kwenye fomu ya Zaituni. Nikaiweka katikati ya fomu za wavuvi, katika mfuko wa Nairobi. Muhuri ule haukuwa wangu kuupiga.

Kitambulisho kilirudi baada ya miezi mitano, ndani ya bunda la vingine mia. Bosi alikiona kabla yangu. Hakunifukuza, maana angelazimika kuandika sababu, na sababu ingehitaji kulitaja sanduku. Alinihamisha tu, nikapelekwa Amagoro kupanga mafaili ya zamani. Lakini habari ilikuwa imekwisha kutoka. Wazazi wengine wakaanza kusema: ya Zaituni imewezekana, zetu je? Wakaja wakakaa langoni karibu na Mzee Ramadhani, kwanza watano, halafu thelathini, kina mama na mikeka yao. Padre mmoja wa Amukura akaja kukaa nao, na shehe, na mwalimu mstaafu akawaandikia barua kwenda Nairobi, kila wiki barua. Sikuwepo. Nilisimuliwa. Inasemekana siku sanduku lilipofunguliwa mbele yao, fomu za chini zilikuwa zimeliwa na mende, na wenyewe ikabidi wapakwe wino upya. Wengi walipata. Wengine hawajapata mpaka leo, na watoto wao wanaulizwa babu alizaliwa wapi. Mkiwaona kwenye foleni, vijana, msiwapite mkitazama simu zenu. Simameni nao. Mimi nilijifunza kusimama wakati mtu niliyepaswa kusimama naye amekwisha kuondoka.

Kabla ya kuhamia Amagoro nilikichukua kitambulisho kile, nikampelekea Mzee Ramadhani. Alikishika kwa ncha za vidole ili grisi isikiguse. Akaitazama picha.

"Hapa alikuwa bado anacheka," akasema. Akanirudishia. "Sheria yenu inasema mwenyewe apokee. Mpelekee wewe, mama. Wewe ndiye uliyeichukua alama."

Nilikwenda Jinja. Nilimkuta Zaituni katika zahanati moja, amevaa gauni jeupe la wanaojifunza uuguzi. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akaniita mama. Nikaweka kitambulisho mezani. Alikiangalia bila kukigusa.

"Nina kingine," akasema.

Akanieleza. Shangazi yake alimpeleka kwa wakubwa wa mtaa, nao kule Wanubi wanawajua, hawakumsumbua. Ila ilibidi ale kiapo. Aliapa kwamba alizaliwa Jinja.

"Nilipoapa nililia, wakadhani ni furaha. Nimekana nyumba niliyozaliwa, mama, ili nisome. Sasa nikichukua hiki, mimi ni mwongo huku. Nikibaki na kile, mimi ni mwongo kule. Bora nibaki mwongo mahali ninapofanya kazi."

"Nisamehe," nikamwambia.

"Siku ile ya kwanza nilikuona kama mtu wa nyumbani," akasema. "Ndiyo maana nilicheka." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Aliniomba kitambulisho nimpe baba yake akae nacho.

Tangu hapo tuliandikiana. Mzee Ramadhani hakuwahi kwenda Jinja. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, na Zaituni hakuweza kukitazama tena kile kizuizi. Muongo ule ulikuwa unaelekea kwisha mzee alipofariki, asubuhi ya Jumatano. Majirani walinipigia simu Amagoro, nami nikapiga simu duka la jirani wa Zaituni. Waislamu hawachelewi kuzika. Walisema watamngoja mpaka alasiri.

Nilikwenda kumsubiri mpakani. Alifika saa nane na nusu, amekonda, macho makavu. Nikamwambia, "Tupite nyuma hapa, njia ya panya, dakika tano tuko nyumbani. Kila mtu anapita." Nilikuwa mtumishi wa serikali na ndilo nililomwambia.

"Hapana, mama. Sitaingia kwetu kama mwizi."

Akapanga foleni. Kijana aliyekuwa dirishani hakuwa mtu mbaya. Aliipokea pasi yake ya Uganda, akamwambia pole kwa msiba, akampa fomu ya wageni. Zaituni akajaza. Uraia. Sababu ya safari. Kijana akasoma, akapiga muhuri wa siku saba, halafu kalamu yake ikasimama.

"Hapa hujajaza, dada. Mwenyeji wako ni nani? Unafikia kwa nani?"

"Kwa baba yangu."

Kijana akatazama tena sababu ya safari. "Ndiye marehemu?"

"Ndiye."

"Pole. Lakini nahitaji jina la mtu aliye hai. Mkenya."

Zaituni alisimama na kalamu. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Nikasogea dirishani nikasema, "Andika langu. Perpetua Amoit." Akaniuliza namba ya kipande, nikamtajia. Zaituni mwenyewe aliliandika jina langu, herufi moja moja, kwenye mstari wa mwenyeji. Kisha akachukua pasi yake, na tukatembea haraka, maana walikuwa wamekwisha kumwosha baba yake na jua lilikuwa linateremka kuelekea alasiri.